Nilikwenda Nairobi Kuona Figo, Nikaona Mdomo

Wiki iliyopita Salma, mjukuu wa marehemu dada yangu, alikuja kunionyesha roboti. Yeye ni muuguzi wa thieta, chumba cha upasuaji, kama nilivyokuwa mimi, ila mimi nimestaafu na yeye ndiyo kwanza anaanza, kwa hiyo anajua kila kitu. Akaniwekea simu mbele ya miwani. Ndani ya simu palikuwa na mtu amelala, juu yake mashine yenye mikono minne iliyovishwa plastiki, na kando kabisa, karibu na ukuta, daktari amekaa kwenye kiti kizuri, uso ameuchomeka ndani ya kisanduku, anachezesha vidole. Mgonjwa yuko huku, daktari yuko kule.

“Anamtoa figo, bibi,” Salma akaniambia. “Mama huyu ampa mumewe. Matundu madogo manne matano, na mahali padogo pa kulipitisha. Siku ya tatu yuko kwake.”

Nikamwuliza, na huyu aliyekaa kichwani kwa mgonjwa ni nani?

“Ah, huyo ni wa usingizi tu, bibi. Tazama mikono!”

Basi ninyi vijana wa thieta mnaosema “wa usingizi tu”, kalamu nimeishika kwa ajili yenu. Sina ugomvi na roboti. Leo mkiniambia nitolewe figo, nitamtaka yeye asubuhi na mapema, na kama anajua na kuosha vyombo atakaa kwangu mwezi mzima. Nataka tu mjue kazi hiyo ilikuwaje mikono ilipokuwa miwili, na hata hiyo miwili ikawa na walakini. Walakini wenyewe ulikuwa kwangu, kwa hiyo nitausimulia bila kumwonea mtu.

Katikati ya miaka ya themanini, kumtoa mtu figo kulikuwa hivi. Alilazwa ubavu, meza ikakunjwa katikati ili ubavu wa juu ujitokeze na kutanuka, kisha daktari akakata kuanzia mgongoni, akafuata chini ya mbavu, akaja mbele kuelekea kitovuni. Mara nyingi kipande cha ubavu wa mwisho kilitolewa kwa sababu kilikuwa njiani, na hakikurudishwa. Misuli ilikatwa tabaka kwa tabaka, mpaka mkono mzima wa daktari ukapata nafasi ya kuingia. Ilikuwa kazi safi na ya wazi, kila mtu mezani aliona kila kitu. Na aliyefanyiwa yote hayo hakuwa akiumwa hata kidole.

Hilo ndilo lililokuwa likinitatiza. Mtu mwenye jipu ukimkata, umempunguzia kitu. Huyu amekuja kwa miguu yake, mzima, amekunywa chai, na wewe unampasua. Profesa aliyekuwa akifanya kazi hiyo Nairobi alituambia siku nilipokuwa huko, “Mgonjwa akifa mezani, ugonjwa umetushinda. Huyu akifa, tumemuua sisi.” Kisha akaomba sabuni akaendelea kunawa.

Lakini nimekimbilia Nairobi kabla sijatoka Malindi.

Hospitali niliyofanyia kazi siitaji jina, maana bado ipo na wanaonipokea huko ni watu wazuri. Wakati huo glavu hazikutupwa. Zilioshwa, zikaanikwa kwenye kamba, zikageuzwa, kisha tukazipuliza kwa mdomo moja moja huku tumeziweka karibu na shavu tusikie kama zinavuja. Iliyotoboka ilitiwa kiraka cha kipande cha glavu nyingine. Halafu poda, halafu kwenye dramu la mvuke. Mgeni mmoja wa kutoka makao makuu alipita uani akakuta glavu zimejaa hewa zimepangwa mezani, vidole juu, akauliza kwa heshima kama kuna harusi. Tukamwambia ndiyo, karibu sana.

Mwalimu wangu alikuwa mzee Kitsao, mhudumu wa thieta, Mgiriama wa Ganda. Hakuwa na cheti hata kimoja, na alimfundisha kila mtu aliyekuwa nacho. Kazi yake kubwa ilikuwa kulaza watu. Mnacheka, lakini kumlaza mtu ubavu kwa saa tatu nne ni elimu. Alishona vifuko vyake mwenyewe kwa kitambaa cha amerikani, akavijaza mchanga aliouosha na kuukausha juani, kimoja cha mgongo, kimoja cha tumbo, kimoja chembamba cha kwapani. Baina ya magoti aliweka mto. Mguu wa chini aliukunja, wa juu akaunyosha. Akimaliza, alirudi nyuma hatua mbili akamtazama mtu yule kama fundi anayetazama mlango aliouning’iniza, akasogeza kitu kidogo sana, ndipo akasema, “Haya, mkateni.”

Mara ya kwanza nilipolaza mwenyewe, nilimlaza baba mmoja wa mtaa wa Kisumu Ndogo aliyekuja kutolewa jiwe la figo. Kitsao alikuwa likizo. Nililaza vizuri kila kitu isipokuwa kifuko kile chembamba cha kwapani, ambacho nilikiona cha mapambo. Jiwe likatoka salama. Yule baba akaamka na mkono wa kulia umelegea, hawezi kushika hata kijiko, na ukakaa hivyo wiki tatu. Kila asubuhi nilipita kitandani kwake, na kila asubuhi alinipa mkono wa kushoto kwa adabu kubwa akinitaka radhi kwa kunipa wa kushoto. Afadhali angenitukana.

Kitsao aliporudi hakunigombeza. Aliniambia tu, “Sista, dokta huumiza kwa dakika, na mtu humwona. Wewe waumiza kwa saa, na hakuna akuonaye.” Akanipa kile kifuko nikifue.

Alikuwa na tabia nyingine ambayo sikuielewa. Baadhi ya siku, mgonjwa akishalala, alivuta kistuli akakaa kichwani, akaushika mdomo wa chini wa mgonjwa kwa kidole gumba, akaubinua kidogo, akawa anautazama tu mpaka mwisho. Siku nyingine hafanyi hivyo. Nilidhani ni uzee. Nilipokuwa na cheo cha kutosha nilifikiria hata kumkataza, kwa sababu haikupendeza mbele ya wanafunzi.

Sasa nije kwa Swaleh na Zuhura.

Hao walikuwa watoto wawili wa Bi Fatuma, watu wa asili ya Lamu waliohamia Malindi zamani, na hakuwa na wengine. Swaleh alikuwa mpishi wa halua. Alikuwa na kibanda chake karibu na soko na mikono ya kukoroga iliyomfanya awe na mabega mapana kuliko kichwa chake. Presha ikamla mafigo yote mawili bila kumwambia. Alipokuja kwetu alikuwa amevimba uso, anatapika, na harufu ya mkojo imo kwenye pumzi yake. Tulimpeleka Nairobi kwa mashine ya kusafisha damu, maana huku pwani hatukuwa nayo, na mashine zenyewe zilikuwa chache na foleni ndefu. Huko wakasema wameanza kupandikiza figo kutoka kwa ndugu aliye hai. Dada mtu akapimwa. Akafaa kila kipimo.

Zuhura alikuwa na umri wa miaka thelathini hivi, mwenye mume na watoto watatu, mwembamba, mkali wa maneno. Yeye hakusita. Aliyesita ni mama. Alinijia nyumbani akakaa ukingoni mwa kiti, buibui lake hakulivua.

“Mwanangu Rukia, mimi nina watoto wawili. Mmoja yuafa. Sasa mwataka niwape na yule mzima mumpasue. Swaleh akifa, ni ajali yake imefika. Zuhura akifa, alosema haya mpelekeni ni mimi. N’taishi vipi na hilo?”

Nikamwambia nitakwenda naye, nitakuwa naye mezani mwanzo mpaka mwisho, na nitamrudisha. Sikuwa na haki hata chembe ya kusema hivyo. Nairobi hawakuwa wakinijua. Lakini Bi Fatuma alinyanyuka, akanishika kichwa akaniombea dua, na ikawa nimeahidi.

Bahati nzuri metroni wetu alikuwa amesoma na metroni wa huko. Barua ikaandikwa: Sista Rukia aruhusiwe kuingia thieta kujifunza upasuaji mpya. Nilifurahi, siwafichi. Nilikuwa na miaka kumi na moja kazini, na hakuna mtu wa kwetu aliyekuwa ameuona upasuaji huo. Nilishajiona nikiwaeleza wenzangu, nimesimama, nimenyoosha kidole ubaoni.

Siku moja kabla ya safari, baada ya alasiri, niliitwa kwa Bi Fatuma. Nikakuta wanawake wamejaa ukumbini na Zuhura ameketi katikati juu ya mkeka, mikono na miguu ameinyoosha, anatiwa hina. Shangazi yake alinieleza bila kuulizwa. Mwanamke mwenye mume haendi safari ya hatari na mikono mitupu kama yumo edani. Tena huko Nairobi atatazamwa na watu wageni, wataona nini, mtu asiyekuwa na kwao? Hina ilikuwa nzito, ya kukolea, maua mpaka kwenye vifundo, na kucha zote, za mikono na za miguu, zimejazwa mpaka ukingoni.

Na mimi, sista wa thieta, ambaye ndiye niliyewafundisha wanafunzi kwamba mgonjwa haingii na rangi ya kucha, niliketi pale nikala kaimati. Nikayasifu maua. Shangazi alipomaliza akasema bado kibakulini imebaki, nikanyosha na mikono yangu.

Mtaniuliza, bibi, akili zilikwenda wapi? Hazikwenda popote. Rangi ya kucha kwangu ilikuwa kitu cha chupa, cha wasichana wa hotelini Kikambala na wazungu wao. Tulikuwa na pamba na dawa ya kuifuta mlangoni pa thieta. Hina haikuwa rangi. Hina ilikuwa mikono. Nusu ya wanawake niliowahi kuwaingiza thieta walikuwa nayo, na sikuwahi kuiona.

Tukasafiri. Kilifi tulikaa foleni ya feri mpaka jua likatuingia ndani ya gari, wauza korosho wanatugongea kioo, na Zuhura akawanunulia kwa dirishani huku akipunga ile mikono. Nilikuwa na fahari naye. Mombasa tukapanda treni, Nairobi tukapokewa, na Swaleh tukamkuta amekonda mpaka masikio yamekuwa makubwa. Mishipa ya mkono aliyofungiwa mashine ilikuwa imeanza kuziba. Madaktari walituambia waziwazi kwamba siku zake si nyingi.

Asubuhi ya upasuaji Profesa alinipokea vizuri sana. Alikuwa ameniwekea hata kistuli cha kupanda nyuma ya bega lake ili nione ndani. Nikavaa, nikanawa, nikasimama kando ya kitanda cha magurudumu alipolazwa Zuhura. Mikono yangu niliitia mfukoni, kwa heshima.

Daktari wa usingizi alikuwa mama mfupi wa bara, mwenye sauti ya kuita ng’ombe. Alikuja akiwa anatabasamu, akaushika mkono wa Zuhura, akaugeuza, na tabasamu likaisha.

“Hii ni nini?”

“Ni hina, daktari.”

“Ifute.”

“Haifutiki.”

“Inatoka lini?”

“Ya kiganjani, wiki mbili tatu. Ya kucha…” Hapo ndipo iliponigonga, wanangu. “Ya kucha hukua nayo. Miezi mitatu, minne.”

Siku hizi mnabana kidole kwa kile kibanio chenye taa nyekundu, kinawaambia hewa ya mgonjwa iko ngapi kwa mia, mnaendelea na mazungumzo yenu. Pale hakikuwapo. Daktari wa usingizi alikuwa na mkono wake kwenye mfuko wa hewa, kidole kwenye mshipa, na macho kwenye kucha. Kucha zikiwa za waridi, mtu anapata hewa. Zikianza kuwa za zambarau, una dakika chache. Zuhura alikuwa na kucha ishirini, na zote zilikuwa na rangi ya kahawa.

“Nani aliruhusu hii kitu?” yule mama akauliza. “Si hii mgonjwa ilikuja na sista?”

“Ndiyo, daktari.”

“Sista gani?”

“Mimi.”

Akautazama mfuko wa vazi langu. “Toa mikono mfukoni.”

Nikatoa. Nilikuwa nimetiwa maua mazuri kuliko hata ya Zuhura, shangazi alikuwa hana haraka tena. Mtu mmoja nyuma alicheka, akanyamaza.

Akasema hatampa usingizi mtu asiyeumwa ambaye hawezi kumwona rangi. Kwa mgonjwa angebahatisha, kwa kuwa mgonjwa hana njia nyingine, lakini huyu si mgonjwa. Arudi nyumbani, kucha zikikua arudi. Na alikuwa na haki, kila neno. Chumba cha pili Swaleh alikuwa ameshalazwa mezani anasubiri, na kila mtu pale alijua kwamba miezi mitatu hana.

Zuhura, ambaye tulikuwa tukizungumza juu yake kama vile ni sanduku, akainua kichwa.

“Mwaniahirisha kwa kucha? Kaka yangu afe kwa kucha? Basi leteni koleo mzing’oe, si mnazo humu!”

Mimi nilikuwa nikiwaza nitamwambia nini Bi Fatuma, na katikati ya woga ule nikamwona mzee Kitsao kwenye kistuli chake, kidole gumba kwenye mdomo wa mgonjwa. Nikaanza kuwahesabu wagonjwa ambao aliwafanyia hivyo. Wote wanawake. Wote wa kwetu, wa mjini, walioolewa. Miaka kumi na moja nilimwona mtu akifanya kazi yangu, nikaiita uzee.

“Daktari,” nikasema, “ndani ya mdomo hapana hina.”

Akakunja uso.

“Ukiubinua mdomo wa chini, ndani ni nyama tupu. Hugeuka zambarau mapema, hata kabla ya kucha. Na ulimi. Kwetu kuna mtu anayekaa hapo muda wote, hafanyi jingine. Nitakaa mimi.”

Akamfunua Zuhura mdomo mwenyewe, akautazama chini ya taa, akauachia, akaufunua tena.

“Utakaa hapa,” akasema. “Hautasimama. Hautaangalia upande ingine. Ukitaka kukohoa, kohoa ukiangalia mdomo. Nikikuona umegeuza macho mara moja, nasimamisha kila kitu.”

Basi kile kistuli cha Profesa kikachukuliwa kutoka nyuma ya bega lake kikaletwa kichwani, upande huu wa pazia la kitambaa linalomtenga mgonjwa na tumbo lake. Nikakaa. Zuhura alipokuwa analala alinikazia macho, akasema, “Da Rukia, usisinzie.” Nikamshika mdomo.

Wakamgeuza ubavu. Nilijisemea kimoyomoyo vifuko vya Kitsao kimoja kimoja, na cha kwapani nilikiomba kwa sauti, wakakiweka. Kisha wakaikunja meza. Ubavu ukapanda, kichwa kikashuka kidogo, nami nikashuka nacho.

Sijui ilipita dakika ngapi. Mdomo ulikuwa wa waridi, waridi, waridi, kisha ukawa na kitu. Haikuwa zambarau. Ilikuwa kama maji ya rosela yaliyotiwa tone la wino, na mtu asiyekuwa ameutazama tangu mwanzo asingeona tofauti yoyote. Nikajiambia ni kivuli cha taa. Nikajiambia nimeaibika mara moja leo, yatosha. Nikakumbuka yule baba wa Kisumu Ndogo akinitaka radhi kwa kunipa mkono wa kushoto.

“Daktari, mdomo umebadilika.”

Hakuuliza mara mbili. Akaweka sikio la mpira la kusikilizia pumzi kifuani, upande mmoja, upande wa pili. Ile meza ilipokunjwa, mpira wa hewa ulioko kooni ulikuwa umesogea chini ukaingia pafu moja tu, na pafu la pili lilikuwa limekaa bure. Akafungua plasta, akauvuta mpira kidogo sana, akasikiliza tena. Nikaona waridi ikirudi, taratibu, kutoka kona ya mdomo kuja katikati. Profesa, na kisu mkononi, alikuwa bado hajakata. Akauliza, “Tuendelee?” Yule mama akasema, “Subiri.” Halafu akasema, “Endelea.”

Yaliyofuata, ambayo ndiyo niliyosafiri kuyaona, niliyasikia. Nilisikia mfupa wa ubavu ukikatwa, sauti ya mkasi wa kukatia ua. Nilisikia Profesa akiuliza mshipa mmoja au miwili, akajibiwa miwili, akashusha pumzi, maana miwili ni kuunganisha mara mbili. Nilisikia chumba kizima kikinyamaza, kisha “bakuli!”, na hatua za mtu anayekwenda upesi bila kukimbia. Figo lilipita nyuma ya mgongo wangu ndani ya barafu kwenda chumba cha pili. Lilipita karibu nami kiasi cha kunigusa kwa baridi yake. Sikugeuka.

Kwa hiyo mkiniuliza figo la mtu aliye hai lafananaje, sijui. Muulizeni Salma, ana simu. Mdomo wa Zuhura naweza kuwachorea hata leo.

Tulipomaliza nilimfuata daktari wa usingizi nje. Nilikuwa nimeanza kuvimba kichwa kidogo, nikadhani ataniambia ahsante. Akavua kofia akasema, “Kama kucha ingekuwa safi, hiyo ningeiona mimi mwenyewe.” Akaenda zake kunywa chai. Lakini kesho yake nilimkuta anamwonyesha mwanafunzi mgonjwa mwingine, na alikuwa amembinua mdomo.

Swaleh alianza kutoa mkojo siku ile ile, wauguzi wakawa wanapita kuutazama ndani ya chupa kama watu wanaokwenda kuona mtoto mchanga. Siku ya tatu alikuwa amekaa, anataka samaki. Zuhura siku ya tatu alikuwa amejikunja kama kamba. Hilo hawakuwaambia watu mapema, na ninyi mwambieni kila mtu: katika upasuaji ule wa wazi, aliyetoa aliumia kuliko aliyepokea. Hawezi kucheka, hawezi kupumua kwa ndani, na asipopumua kwa ndani kifua hujaa makohozi. Dawa yake ni mto. Unaukandamiza juu ya jeraha, unaukumbatia kwa mikono miwili, unavuta pumzi, unakohoa. Nilimfanyisha kila saa. Alinitukana kwa Kiamu safi cha Lamu, matusi ya nyanya yake ambayo mengine nilikuwa sijawahi kuyasikia, na kila tusi lilimtoa kohozi, kwa hiyo nikamchokoza makusudi.

Tuliporudi Malindi nyumba ilijaa watu. Walikuja na sinia za biriani, na maombi, na machozi, na wote walinyosha moja kwa moja chumba cha mbele alipolazwa Swaleh. Zuhura alikuwa chumba cha ndani, amelala ubavu mmoja kwa sababu wa pili haukubali. Shangazi mmoja aliyepotea njia kwenda msalani alimkuta akamwambia, “Na wewe walala mchana kutwa? Si hukuwa mgonjwa wewe?” Zuhura akaniambia neno hilo lilimuuma kuliko mbavu.

Bi Fatuma peke yake ndiye hakukosea mlango. Alimlea yule binti kama mzazi wa arubaini, mchuzi wa kuku, maji ya moto, na akatoa mkaja, nguo ndefu wanayofungwa wanawake tumboni baada ya kujifungua, amfunge nao kwa nguvu. Nikamkataza, nikamweleza habari ya pumzi na makohozi.

“Ulipokula kaimati zangu hukukataza kitu,” akasema, na akaukunja mkaja akauweka.

Mtu wa roboti leo hana haja ya mto, wala haulizwi na shangazi kwa nini amelala, kwa sababu halali. Kwa hilo peke yake namwombea roboti maisha marefu. Lakini na yeye mgonjwa wake hulazwa na mtu, hukunjwa na mtu, na aliye kichwani bado ni mtu. Kibanio cha kidole nacho hudanganywa na kidole baridi, na siku kikikataa kusoma mtahitaji kujua mdomo ni wa rangi gani. Kwa hiyo autazameni kabla hamjaanza.

Swaleh aliishi miaka mingi kuliko tuliyothubutu kumwombea. Alirudi kwenye sufuria lake la halua, akaozesha binti, akanenepa, akameza vidonge vyake kila siku, na siku alizojifanya amesahau Zuhura alimjia kibandani mbele ya wateja akasimama mkono kiunoni mpaka vishuke. Ubavu wake Zuhura haukunyoka vizuri tena. Alitembea ameinama kidogo upande huo, na wageni walidhani ndivyo alivyozaliwa.

Mwishowe kwa Swaleh ni moyo uliosimama, ghafula, asubuhi moja akiwa anafungua kibanda. Nilikuwa nimeshastaafu. Nilikwenda matangani nikamkuta Zuhura kati ya wanawake, amekauka macho, watu wamemzunguka wanamwambia subira, na wengine, kwa nia njema, wanamwambia masikini, figo lako nalo limekwenda bure.

Aliponiona alinivuta karibu, akanisemesha sikioni.

“Da Rukia, wewe ndiwe uliyekuwa ukimsomea karatasi zake za kliniki. Niambie kweli. Lilikuwa lafanya kazi?”

Nilikuwa nimezisoma wiki ile ile. Nikamwambia damu ilikuwa safi, mkojo safi, daktari alisema figo lile lingemfikisha mbali sana. Moyo ndio uliochoka. Figo halikuwa na kosa lolote, mpaka ile asubuhi yenyewe.

Mkono wake ulikuwa umeshika ubavu, juu ya kovu.

“Basi halikuniaibisha,” akasema.

Na hapo ndipo alipolia.